Kichanja cha Kumi na Nne

Mzee Pontiani aliinua simu yake hadi usawa wa nguzo, akafumba jicho moja, akalinganisha. Kwenye kioo cha simu palikuwa na kitambaa cha njano chenye mistari miwili ya buluu, njano mbichi ya dukani, inayoonekana hata juani. Kwenye nguzo ya kichanja palikuwa na kipande cha nguo kilichopauka, nyuzi zikining'inia, rangi yake haina tena tofauti kubwa na mchanga. Na juu ya wavu wa kichanja hapakuwa na ndagala, hao dagaa wa ziwa letu, hata mmoja.

"Amahoro, mutoto wangu," aliniambia. "Niko natafuta mama wa hii kitenge ya njano. Natoka Bujumbura tangu asubuhi, njiani pale Gitaza sikusimama hata kidogo, nilisema nitabeba zake. Yeye iko wapi?"

Mzee huyo sikuwahi kumwona, ila jina lake nililijua. Siku mbili kabla lilikuwa limeingia kwenye ukurasa wetu wa mtandao, limeagiza magunia matatu kutoka kichanja namba kumi na nne. Niliiona oda ile nikajiambia kwamba mtu ameteleza kidole. Ukweli ni kwamba sikutaka kufikiri.

"Hayuko, mzee."

"Atarudi saa ngapi?"

"Alifariki. Sasa ni miezi minane."

Alivua kofia. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama simu tena. "Pole sana," akasema, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, "Lakini munamuacha mu telefoni anauza?"

Wanawake waliokuwa wakigeuza ndagala kwenye vichanja vya jirani walisimamisha mikono. Mimi ndiye niliyepaswa kumjibu, kwa kuwa ukurasa ule niliutengeneza mimi, na mama wa kitenge cha njano alikuwa mama yangu. Jina lake Asiya.

Niseme kwanza jinsi mambo yanavyokwenda ufukweni kwetu Rumonge, maana watu wa nje huona vichanja tu wakadhani wameona kila kitu. Vichanja viko ishirini na sita, safu baada ya safu, na kila mwanamke amefunga kipande cha kitenge chake kwenye nguzo ya pembeni. Ndilo jina lake. Wengi wao hawakuwahi kushika kalamu, na mnunuzi naye hana haja ya kusoma. Akisimama barabarani anaona kijani chenye miduara anajua huyo ni Mama Zena, anaona nyekundu yenye majani anajua huyo ni Evangelina. Mwanamke akifa, hakuna anayefungua kitambaa chake. Kichanja kinaachwa kitupu, na kitambaa kinaachiwa jua, mvua na upepo mpaka kianguke chenyewe. Siku kikianguka, kichanja anapewa anayengoja zamu. Desturi hiyo hatujaipa jina, wala hatujawahi kumweleza mtu sababu yake.

Ukurasa niliutengeneza nilipokuwa nikimuuguza mama. Nilikuwa nimesoma Bujumbura, nikarudi alipolala kitandani, na kwa kuwa mikono haikuzoea kukaa bure nikaanza kuandika. Nilikula kiapo kimoja tangu siku ya kwanza: sitaweka picha. Picha ni nzito, na wamama wetu hununua mtandao kidogo kidogo kama wanavyonunua chumvi. Basi vitenge vyote nilivichora kwa CSS, lugha ya kuupamba ukurasa, kwa maandishi matupu: mistari, miduara, miraba inayojirudia, rangi juu ya rangi. Vitambaa ishirini na sita kwa pamoja vilikuwa vyepesi kuliko picha moja ambayo mtu amejipiga mwenyewe.

Nilivipanga safu kwa safu, kama vilivyo ufukweni. Kwenye kompyuta ya mnunuzi wa mjini vinakaa vinne vinne. Kwenye simu ndogo vinashuka kimoja chini ya kingine. Sikuhesabu simu wala kuzitungia sheria moja moja. Niliiambia kila kadi, yaani kila kisanduku chenye kitambaa, itazame nafasi iliyopewa ijipange humo humo. Maandishi nayo niliyaacha yafuate macho ya mwenye simu, kwa sababu Mama Zena ameyakuza yake mpaka neno moja linajaza kioo. JavaScript niliitumia kidogo, hasa kuuhifadhi ukurasa ndani ya simu yenyewe, ili mtandao ukikatika, na kwetu hukatika utadhani unalipwa kwa kazi hiyo, ukurasa ufunguke na habari za mara ya mwisho. Mwanamke anagusa kitambaa chake, anachagua: Bado. Zimekauka. Zimeisha. Basi.

Mama aligusa "Zimekauka" siku tatu kabla ya kufa. Evangelina alikuwa amemwanikia ndagala wake wa mwisho, akaja kumwambia kwamba wako tayari, na mama akaomba simu. Kidole chake kiligusa pembeni mara mbili, ya tatu kikapata. Akacheka. Baada ya mazishi niliufungua ukurasa nikalikuta neno lile limekaa pale pale alipoliacha, na nikashindwa kulibadilisha. Nilijiambia kesho. Miezi minane nilijiambia kesho.

Habari za Mzee Pontiani hazikulala njiani. Lilikuwapo shirika lililowasaidia wamama wavu na maturubai, na shirika lile likaamua kwamba ukurasa wa kujishonea nyumbani unawatia aibu. Kampuni moja ya Bujumbura ingetengeneza mwingine, wa kitaalamu. Ungeonyeshwa Alhamisi ghalani. Wamama wakiukubali, wangu ungefungwa siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa dunia haina adabu, kampuni ilimtuma Mansuri.

Mansuri nilisoma naye darasa moja. Ni mtoto wa hapa hapa Rumonge, baba yake fundi cherehani na muuza vitenge. Alinipigia Jumanne mchana.

"Raisa, usibebe mubaya. Ni kazi tu. Tutawafanyia kitu safi."

"Safi zaidi ya nini?"

"Zaidi ya ile yako, dada. Ile ni kama daftari ya mwanafunzi. Na ile nambari kumi na nne nimeshaitoa. Mashini iliiona ni kosa. Mwezi munane, hakuna mutu anaigusa."

Nilikata simu bila kuaga. Nilikuwa na hasira hata meno yaliniuma. Mama yangu, kosa. Niliapa kwamba Alhamisi nitaingia ghalani na wakitaka kumfuta watanifuta mimi kwanza, na sikujali shirika, wala kampuni, wala nani atanionaje.

Alhamisi ghala lilijaa. Wamama walikaa juu ya magunia, Mama Zena, mwenyekiti wao, mbele kabisa, na pembeni mwanamke wa shirika aitwaye Sabine, mpole, daftari mapajani. Mansuri alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi likanyooka. Aliutupia ukurasa wake ukutani kwa mashine ndogo ya mwanga, na nisiseme uongo, ulipendeza. Vitu viliteleza kutoka pembeni, tarakimu zikapanda zenyewe, akatokea mwanamke anayecheka amebeba kapu la samaki ambao ziwa letu halijawahi kuwazaa. Wamama walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kofi moja tu.

Kisha zikaja kadi za vichanja. Zote za buluu. Zote sawa. Namba juu, jina chini.

"Mimi ni ipi hapo?" Mama Zena aliuliza.

"Nambari saba, Mama."

"Saba iko wapi?"

"Hapa. Imeandikwa, soma tu."

Mama Zena ana miaka sitini na mitatu, amezaa saba na kuzika wawili, ameendesha ufuko mzima tangu kabla Mansuri hajaota meno, na hajui kusoma. Hakuona haya. Alitoa simu yake kwenye pindo la kitenge, kioo kimepasuka kona hadi kona, akamnyooshea.

"Nifungulie mu hii yangu."

Mansuri aliifungua. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Mtu akakohoa. Ukurasa ulipoanza kuja ulikuja nusu nusu, na yale maandishi makubwa ya Mama Zena yakaisukuma kadi mpaka nje ya kioo. Ikabaki nusu ya tarakimu na kitufe kilichokatwa kichwa.

"Rezo, mtandao ya hapa, ni mubaya," Mansuri alisema, jasho likimtoka.

"Ndiyo hiyo tuko nayo," alijibu Mama Zena.

Hapo nikasimama. Sikuomba ruhusa. Niliichukua simu ile, nikazima mtandao kabisa mbele ya macho yao, nikafungua ukurasa wangu. Kijani chenye miduara myeupe kikajaa kioo papo hapo.

"Huyu ndiye mimi!" Mama Zena akasema, akaiinua simu juu wenzake waone. "Tazameni, ndiye mimi."

Simu zikaanza kutoka kwenye mapindo. Evangelina alijipata, Mariam alijipata, Jovita aliyerudi kutoka Tanzania mwaka juzi alijipata akaanza kumwonyesha jirani yake jinsi nilivyopatia hata ule mstari mwembamba wa ukingoni. Nilimgeukia Mansuri, na ulimi wangu siku ile haukuwa na huruma.

"Wewe mtoto wa fundi cherehani. Umekulia juu ya vitambaa, umelalia vitambaa, halafu unawavalisha wamama wote sare?"

Walicheka mpaka magunia yakatikisika. Mambo yangeishia hapo, ningekuwa nimeshinda. Lakini Mansuri si mjinga, wala si mtu mbaya. Alingoja kicheko kiishe, akaushusha ukurasa wangu kwenye simu yake polepole hadi kwenye njano.

"Sawa. Nimekubali yote. Na hii? Imeandika zimekauka. Kuna mahali pa kuagiza. Mzee wa watu ametoka Bujumbura, amekuta kichanja kitupu. Raisa, hii si kudanganya?"

"Hatoki," nikasema.

"Sikusema..."

"Ulisema ni kosa! Ulimtoa bila kuuliza mtu. Hatoki. Mkitaka kumtoa yeye, nitoeni na mimi, fungeni ukurasa wote, mchukue hiyo buluu yenu muanike nayo ndagala."

Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. Sabine aliacha kuandika. Wamama walikuwa wametazama chini, kila mmoja ameona kitu cha maana sana kwenye vidole vya miguu yake, na mimi nikaelewa kwamba miezi yote ile walikuwa wakiiona ile njano wakanyamaza. Hawakuwa wananiogopa. Walikuwa wananistahi.

Mama Zena alikunja pindo lake taratibu kabla ya kusema.

"Nani amesema atoke? Hapa hakuna mukono imefungua kitambaa cha mutu, na haitakuwako. Si ya kampuni, si ya shirika." Alimtazama Sabine kidogo, kisha akanigeukia. "Lakini Raisa, mwanangu, nikuulize. Huko ndani ya telefoni jua halifiki?"

Kwa Mansuri nilikuwa na jibu. Kwa shirika nilikuwa nayo kumi. Kwa swali lile nilichukua kompyuta yangu nikatoka nje.

Jua lilikuwa la saa saba. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kichanja cha kumi na nne, mahali ambapo sikuwa nimesimama kwa hiari tangu msiba; kila siku nilikuwa nikizungukia upande wa mitumbwi nisikipite. Alipokuja Mzee Pontiani nilimfuata kwa sababu ya aibu tu. Sasa nilikitazama kile kitambaa kwa mara ya kwanza. Ncha zilikuwa nyeupe. Katikati palikuwa na rangi ya majani makavu, mistari ya buluu imebaki kivuli. Ila kwenye fundo, pale mama alipokaza kwa meno, ndani ya mkunjo ambamo mwanga hauingii, palikuwa na njano. Kidogo, upana wa ukucha, na ilikuwa ile ile.

Nililia pale pale, wamama wakinisikia kutoka ghalani, na sikujali. Kisha nikaketi mchangani, nikajifunika mtandio mimi na kompyuta ili nikione kioo, nikaanza kazi.

Kwanza nililigusa lile neno. "Zimekauka." Kidole changu juu ya mahali pa kidole chake. Nikalifuta, na baada yake nikakiondoa kitufe cha kuagiza, na ulimwengu haukuanguka, ingawa kwa dakika moja nilidhani mimi nitaanguka. Baada ya hapo nikaandika. Rangi zangu nimezoea kuziita kwa lugha yetu, hivyo nikaita moja njano na nyingine jivu, nikaiamuru CSS izichanganye, njano ikipungua na jivu likiongezeka. Kiasi cha jivu nikaiachia JavaScript: ihesabu siku tangu tarehe mama alipofariki, kila mtu anapoufungua ukurasa, iongeze kidogo. Nilijaribu mwaka mmoja nikaona. Nilijaribu miaka miwili nikafumba macho, nikafumbua, nikaona. Na kona ya juu ya kadi, mahali pa fundo, niliikata pembe ndogo nisiichanganye na kitu chochote. Hiyo itabaki njano. Anayetaka kuibishia aje anibishie.

Kivuli kikaangukia kompyuta. Mansuri alikuwa amesimama, viatu vyake vizuri vimejaa mchanga.

"Mama Zena amewaambia watu wa shirika wabebe ukurasa yao," alisema. "Sabine amesema basi hawatasaidia tena mambo ya siti, ya huu ukurasa wenu. Mama amemujibu murakoze, asante, akamuuliza kama atakula ndagala kabla ya kuondoka."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshakula." Alichuchumaa, akasoma kazi yangu, akatabasamu. "Umeandika jivu mu kodi ya kompyuta, Raisa? Kweli?"

"Nimeandika. Kuna sheria inakataza?"

"Hakuna." Alikitazama kitambaa kwenye nguzo, kisha kwenye kioo, kisha kwenye nguzo tena, alivyofanya Mzee Pontiani. "Hii ilitoka dukani kwetu. Baba ndiye alimukatia. Maman yako alikataa kuchukua kama haijakatwa palipo na mistari miwili. Walibishana asubuhi yote. Nilikuwako. Nilipoona kwenye kazi nambari kumi na nne sikukumbuka kabisa. Niliona nambari tu."

Sikumwambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu. Nilimsogezea kompyuta aone jivu linavyoongezeka, akanionyesha mahali ambapo mistari ya buluu ingepaswa kupauka upesi kuliko njano, kwa sababu rangi ya buluu ya vitenge vile ndiyo inayokimbia kwanza. Hilo alilijua kwa baba yake. Nikarekebisha.

Wiki mbili zilipita. Mzee Pontiani alirudi, safari hii kwa ajili ya ndagala wa Mama Zena, na alipopita kwenye kichanja cha kumi na nne aliinua simu akalinganisha. Wamama wakaanza kufanya hivyo pia, asubuhi wakifika, mmoja mmoja, na mara nyingine Evangelina hunigombeza kwamba kitambaa changu kimepauka kuliko cha nguzoni kwa sababu juzi kulikuwa na mawingu, nami nampunguzia siku moja ili anyamaze.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyemelea, Mansuri aliniandikia kutoka Bujumbura. Nilikuwa ufukweni, tumetoka kuvuta maturubai, na upepo kutoka upande wa Kongo ulikuwa ukikipiga kile kitambaa kwenye nguzo, kinajikunja, kinajinyoosha, hakijaanguka.

"Nimefikiri kitu," aliandika. "Siku kikianguka, siti itajuaje?"

Nilijifuta magamba mikononi, nikamjibu.

"Haitajua. Tutaiambia sisi."